Mengineyo

Mimi ndiye mwandika kumbukumbu za kikao,
Jumanne ya pili ya kila mwezi,
chini ya kituo cha zamani cha zimamoto,
ambapo bomba la joto hugonga kama mgeni asiyefunguliwa.
Kazi yangu ni kufupisha.
Mtu akilia, naandika: alionyesha wasiwasi.
Akifoka, naandika: alitoa maoni.
Akinyamaza na kurudi kitini, siandiki kitu,
fomu haina nafasi ya hilo.

Usiku ule theluji ilifika magotini
na bado walikuja, mia na zaidi,
mabuti yakiacha chumvi sakafuni, makoti yakifuka mvuke.
Vijana wa kiwanda cha karatasi
(kimefungwa, lakini bado twawaita hivyo)
waliegemea ukuta wenye picha za mameya waliopita,
wote wakitabasamu.

Meya Haverkamp akaeleza sheria. Kila mmoja dakika tatu.
Taa ya kijani, sema. Ya manjano, malizia.
Nyekundu, kaa.

Delmar Pruitt alianza, bili ya maji mkononi:
dola arobaini na moja mwaka jana, tisini na saba sasa,
"na maji yenyewe yana rangi ya chai."
Nikaandika: ubora wa maji.
Mwingine akataja taa za barabara, zimezima tangu Oktoba.
Mwingine bwawa la kuogelea, lina majani makavu
na kiatu kimoja cha mtoto.
Mwingine gari jipya la meneja wa mji;
nyekundu ikamkuta bado yuko kwenye rangi ya viti.

Ndipo akaja Wilma Ostrander na fimbo yake ya alumini,
miaka themanini na miwili,
thelathini na mmoja kati yake akitunza hesabu za jiko la shule.
Hakuja na hasira. Alikuja na ukurasa wa arobaini na saba.
Akavaa miwani, akasoma polepole
kama asomaye barua ya mwanawe:
"Mengineyo. Dola laki mbili na kumi na nne elfu."
Akainua uso.
"Mengineyo ni nini?"

Meneja akasema ni gharama mbalimbali.
"Mbalimbali zipi?"
Za washauri, kwa sehemu. Za dharura, kwa sehemu.
"Na sehemu iliyobaki?"
Akapekua makaratasi yake
kama mtu atafutaye ufunguo huku anajua ameuacha wapi.

"Mwaka wa sabini na nane," akasema bibi,
"nilipungukiwa senti thelathini na tano za maziwa.
Nilizitafuta siku mbili, usingizi sikuuona.
Nikazikuta mfukoni mwa aproni, zimenata kwa sharubati.
Senti thelathini na tano, mheshimiwa.
Ninyi mmelalaje?"

Nyekundu. Nyundo.

"Nampa dakika zangu," akasema kijana mmoja ukutani.
"Na mimi zangu."
Mstari mzima ukarudi nyuma hatua moja,
akabaki peke yake mbele ya kipaza sauti.
Meya akasema kanuni haziruhusu kukopeshana dakika.
"Mnakopa kwa jina letu miaka ishirini," sauti ikatoka nyuma,
"sisi dakika tusikopeshane?"

Hakuna aliyenitazama mimi.
Ukurasa wa arobaini na saba niliuchapa mimi, Novemba.
Niliupokea na mistari kumi na tisa,
na pembeni, kwa penseli: yaunganishe.
Nikayaunganisha.
Hata neno nililichagua mimi, neno pana kama shuka,
lafunika kichwa na miguu haitoki nje.

Nikaandika: Bi Ostrander aliuliza mengineyo ni nini.
Nikaandika: hakujibiwa.
Nikaliangalia neno lile la pili. Sikulifupisha.

"Nangoja," akasema yeye, mikono miwili juu ya fimbo.
"Mimi nimestaafu. Sina pa kwenda, na bwawa limefungwa."

Mistari kumi na tisa nilikuwa nayo bado,
drooni, chini ya pakiti ya biskuti.
Nikaivuta droo.
Haijatiwa mafuta miaka mingi, droo ile.
Ililia, na ukumbi mzima ukageuka.